Wachangia damu wote wametoka chanya: kosa la pleti au kingamwili za asili?

Swali limetoka kwa mteknolojia wa maabara aliyeko Mtwara:

"Mtaalamu, shikamoo. Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili. Nimetoa protini za utando wa nje za Salmonella Typhimurium, nikazipaka kwenye pleti za ELISA (kipimo cha kingamwili kinachotoa rangi). Nimepima seramu 40 za wachangia damu, watu wazima wenye afya, ili niwatumie kama kundi hasi na kupata mpaka wa chanya. Zote 40 zimetoa rangi kali kwa uzimuaji wa 1:100, kingamwili za aina ya IgG na za IgM pia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na homa. Nimekosea wapi? Na kama si kosa, hizo kingamwili zimetoka wapi?"

Marahaba. Huenda pleti yako ina kasoro ndogondogo, tutazifikia, lakini kosa kubwa liko kwenye kundi ulilolichagua. Mtu mzima mwenye afya si hasi kwa kipimo hiki. Iwe Mtwara, Lindi au Ulaya, ukichukua seramu ya mtu mzima yeyote na kuizimua mara 100 tu, utakuta kingamwili zinazoshika protini za utando wa nje za bakteria wa jamii ya Salmonella na E. coli. Asiyekuwa nazo ndiye wa kuulizwa maswali. Kwa hiyo lengo la kipimo chako libadilike: kujua kama zipo au hazipo hakutakusaidia. Tafuta zinashika nini hasa, ni za aina gani, na zinaweza kumuua bakteria aliye hai au la.

Kwanza zinakotoka. Utumbo wa binadamu umejaa bakteria wenye utando wa nje tangu siku za mwanzo za maisha, na protini za utando huo zinafanana sana kutoka jamaa mmoja hadi mwingine. Chukua OmpA, mojawapo ya protini hizo: ya E. coli wa kawaida wa tumboni na ya Salmonella zimekaribiana kiasi kwamba kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya moja huishika nyingine. OmpC, protini nyingine ya utando huo, nayo ni hivyohivyo kwa sehemu kubwa. Mtu hahitaji kuugua Salmonella ili awe na kingamwili zinazoishika Salmonella. Mfano unaoufahamu kila siku kwenye benki ya damu ni kingamwili za anti-A na anti-B: mtu wa kundi O anazo bila kuwahi kuongezewa damu ya mtu mwingine. Mwaka 1959 Georg Springer na wenzake walionyesha kwamba vifaranga waliokuzwa bila bakteria kabisa hawakuwa na anti-B kama wenzao waliokulia mazingira ya kawaida, na kwamba E. coli O86 hubeba sukari zinazofanana na antijeni ya B. Tunaziita "za asili" kwa sababu hatukuona chanjo wala ugonjwa uliozileta, ilhali nyingi zimeletwa na vijidudu vya tumboni.

Hata hivyo zipo ambazo ni za asili kwa maana kali zaidi, yaani hutengenezwa bila kichocheo cha nje. Kwa panya kazi hiyo hufanywa zaidi na seli B-1, kundi mojawapo la seli B zinazotengeneza kingamwili, na panya waliofugwa bila bakteria hubaki na IgM karibu ya kawaida, huku IgG na IgA zao zikiwa chini sana. Kwa binadamu dirisha zuri la kuziona ni damu ya kitovu. IgM ya mama haivuki kondo la nyuma, kwa hiyo IgM utakayoikuta pale ni ya mtoto mwenyewe. Ukienda njia hiyo, pima na IgA kwenye sampuli hizohizo: ikiwa juu isivyo kawaida, damu ya mama imechanganyika na ya mtoto na sampuli haifai. Kwa Salmonella kuna jambo moja la kuvutia kweli. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwa panya kwamba OmpD, protini ya mfereji ya Salmonella wasio wa typhoid kama Typhimurium wako, ni shabaha kuu ya kingamwili kinga zinazotoka kwa seli B-1b. Salmonella Typhi, anayeleta typhoid, hana OmpD. Basi usichukulie kwamba matokeo ya Typhimurium yanasimama badala ya Typhi.

Sasa umri, maana hapa ndipo kundi lako la hasi linapopatikana. Mtoto huzaliwa na IgG za mama yake. Nusu ya IgG hupotea kila baada ya siku 21 hivi, kwa hiyo kufikia miezi 6 za mama zimebaki kidogo sana na za mtoto mwenyewe bado hazijajengeka. Bonde hilo ndilo lenye hatari. Watafiti waliofanya kazi Blantyre, Malawi, majirani zetu kabisa, walichapisha mwaka 2008 kwamba watoto wadogo wasio na kingamwili hizi ndio hasa wanaoingiwa na Salmonella wasio wa typhoid kwenye damu, na kwamba uwezo wa seramu kumuua bakteria huyo hupanda kadiri mtoto anavyokua. Mwaka 1969 Goldschneider, Gotschlich na Artenstein walikuwa wameonyesha mchoro wa aina hiyohiyo kwa meningokoka, bakteria wa homa ya uti wa mgongo: ugonjwa unapanda pale kingamwili zinaposhuka.

Wachangia damu wa Tanzania ni watu wa miaka 18 hadi 65 waliochujwa kwa afya zao. Hilo ndilo kundi lenye kingamwili nyingi kuliko yote, na wewe umelipangia kazi ya kuwa hasi! Unachohitaji ni watoto wa miezi 6 hadi 12. Kliniki ya chanjo ya surua na rubela hufanyika mtoto akiwa na miezi 9, na mama huja naye mwenyewe. Ni mahali pazuri pa kuomba ridhaa, mradi itifaki yako ya maadili imekwisha kuongezewa kundi hilo na kuidhinishwa kabla hujagusa sindano. Kwa mtoto wa umri huo mililita 1 ya damu inakutosha, maana seramu mikrolita 200 zitakupa pleti nyingi.

Turudi kwenye pleti. Swali la kwanza ambalo msimamizi wako yeyote angekuuliza: una hakika gani kwamba rangi hiyo inatokana na protini? Utando wa nje una tabaka la nje lililojengwa kwa lipopolisakaridi, yaani LPS, na njia ya kutoa protini kwa sarkosili, sabuni ya maabara, haiiondoi. Sarkosili huyeyusha utando wa ndani na kuacha wa nje kama mashapo, lakini LPS huburutwa pamoja na protini. Watu wazima wana kingamwili nyingi dhidi ya LPS pia. Inawezekana kabisa nusu ya rangi uliyoiona ni ya sukari.

Nitaeleza utoaji ninaoupendekeza, ulinganishe na ulivyofanya. Otesha bakteria kwenye mchuzi wa LB kwa nyuzi 37 huku ukitikisa, hadi ukungu wa 600 nm ufikie 0.8 hadi 1.0. Usiache usiku kucha. Bakteria waliochoka hubadilisha protini za utando na hufa na kumwaga uchafu wa ndani. Zungusha kwenye sentrifuji 5,000 g kwa dakika 15 kwenye nyuzi 4, osha kwa HEPES milimola 10 ya pH 7.4, kisha wapasue kwa mawimbi ya sauti ndani ya barafu: sekunde 10 kazi, sekunde 20 kupumzika, mara nyingi kadiri inavyohitajika mpaka mchanganyiko upoteze utusitusi. Ukiruka mapumziko, mrija unapata moto na protini zinaganda. Zungusha tena 5,000 g ili kutupa wasiopasuka, na hatua hii usiifanyie haraka, kwa sababu seli nzima ikibaki hapa itakufuata hadi mwisho. Kwa kawaida utando huvunwa kwa 100,000 g kwa saa 1. Kama mashine ya kasi hiyo haipo, na maabara nyingi za kusini hazina, ipo njia fupi ya Carlone na wenzake ya mwaka 1986 inayotumia mashine ndogo ya mezani, 15,600 g kwa dakika 30. Mavuno ni machache lakini kwa ELISA yanatosha. Changanya mashapo na sarkosili asilimia 1 kwa dakika 30 kwenye joto la chumba, zungusha tena vilevile, osha mara moja, pima kiasi cha protini kwa kitendanishi cha BCA, gawa vijirija vidogo na gandisha.

Kisha pitisha kwenye jeli ya asilimia 12, sampuli ileile mara mbili: moja umeichemsha nyuzi 100 kwa dakika 5, nyingine hukuichemsha. Hiki ni kipimo cha bei rahisi na kinasema mengi. OmpA isiyochemshwa hukimbia kama ya kilodaltoni 28, ikichemshwa hupanda hadi 35. Protini za mifereji hukaa tatutatu na bila kuchemshwa hubaki juu ya jeli. Zikichemshwa hushuka hadi kati ya 35 na 40. Usipoyaona mabadiliko hayo, ama protini zako zimeharibika kabla, ama ulichokitoa si utando wa nje.

Ili kutenganisha mchango wa LPS una njia tatu, na ningefanya angalau mbili. Ya kwanza ni kupaka LPS peke yake kwenye safu nyingine ya pleti ileile, ya Typhimurium huyohuyo, na kuona seramu zinavyosema. Ya pili ni kuivunja sukari kwenye pleti: baada ya kupaka antijeni na kuosha, weka metaperiodati ya sodiamu milimola 10 hadi 20 kwenye bafa ya asetati pH 4.5, saa 1 gizani, osha, weka borohidridi ya sodiamu milimola 50 kwa dakika 30, osha, kisha ndipo uzibe. Kinachobaki kutoa rangi kwa kiasi kikubwa ni protini. Gizani ni gizani kweli. Funika kwa karatasi ya alumini, na periodati iandaliwe siku hiyohiyo. Ya tatu ni kinyume chake: sehemu ya antijeni imeng'enywe na proteinesi K kwa nyuzi 60 saa 1, ibaki LPS, kisha uipitishe kwenye blotu (jeli iliyohamishiwa kwenye karatasi na kupimwa kwa seramu) sambamba na isiyomeng'enywa. LPS itaonekana kama ngazi yenye vipago vingi, protini kama mistari michache iliyosimama peke yake. Ukiona ngazi tu, umepima sukari.

Wengine huona njia ya mkato ni kununua au kutengeneza OmpA au OmpD ya kuunda, iliyozalishwa ndani ya E. coli wa maabara aitwaye BL21. LPS hupungua, ni kweli, ila tatizo lingine huingia kwa mlango wa nyuma: mabaki ya protini za huyo E. coli, ambazo kila mtu mzima ana kingamwili zake. Hapo ni lazima seramu inyonywe kwanza kwa lisati, yaani mchuzi wa seli zilizopasuliwa, ya BL21 asiyebeba jeni yako. Kwa kuondoa kingamwili za E. coli kwa ujumla, changanya seramu iliyozimuliwa 1:10 na seli zilizouawa kwa joto, kama 10,000,000,000 kwa mililita, zungusha polepole saa 1 kwa nyuzi 4, tenganisha, rudia mara mbili, chuja kwa kichujio cha mikromita 0.22. Lakini zingatia: seli nzima hunyonya tu kingamwili zinazoshika sehemu zilizo juu ya ngozi ya bakteria. OmpA ina mkia unaokaa ndani, umejishikiza kwenye ukuta wa peptidoglikani, na kingamwili za mkia huo hazitaondoka mpaka utumie lisati. Tofauti kati ya kunyonya kwa seli nzima na kunyonya kwa lisati ni taarifa yenyewe, iweke kwenye matokeo.

ELISA yenyewe nitaipitia haraka isipokuwa panapoharibika. Paka mikrogramu 2 kwa mililita kwenye bafa ya kaboneti pH 9.6, mikrolita 100 kila kishimo, usiku kucha nyuzi 4. Kuziba: epuka maziwa ya unga kwenye kazi hii. Watu wengi wana kingamwili za protini za maziwa ya ng'ombe, na maziwa yana IgG ya ng'ombe ambayo baadhi ya konjugeti (kingamwili za pili zilizobeba peroksidesi, kimeng'enya cha kutoa rangi) huishika. Tumia albumini ya damu ya ng'ombe (BSA) asilimia 1 hadi 3 na uhakikishe kila seramu ina kishimo chake kisichopakwa antijeni ila kimezibwa. Rangi ya hapo uitoe. Kwa IgM hili halina mjadala, maana IgM hunata popote. Azidi ya sodiamu isiingie kwenye bafa za kuoshea wala za konjugeti, inaua peroksidesi na pleti nzima itabaki nyeupe. TMB, kitendanishi cha rangi, kwa joto la Mtwara, chumba kikiwa nyuzi 30 na umeme umekatika, hukimbia. Dakika 15 za kwenye karatasi ya maelekezo zinaweza kuwa 6. Simamisha kwa muda uleule na mpangilio uleule wa vishimo kila siku, na soma 450 nm mara moja.

Uzimuaji wa 1:100 ulioutumia ndio uliokupotosha zaidi. Pale kila mtu mzima amegonga dari ya mashine, mwenye nyingi na mwenye nyingi sana wanaonekana sawa. Fanya jedwali la msalaba, antijeni mikrogramu 0.5, 1, 2 na 4 kwa mililita upande mmoja, seramu kutoka 1:50 hadi 1:6,400 kwa upande wa pili, uchague mahali ambapo mchoro una mteremko. Halafu changanya seramu za wachangia kadhaa kuwa seramu rejea moja, ipe uniti 1,000 kwa makubaliano yako mwenyewe, iweke kila pleti, na utoe matokeo kwa uniti. Zile seramu 40 hazijapotea. Hapa ndipo zinapopata kazi yake.

Kuhusu mpaka wa chanya kwa wastani na mikengeuko sanifu 2 au 3: achana nao kwa watu wazima. Kanuni hiyo inadai kundi lisilo na kingamwili, na hulina. Ukitaka kusema mtu ameambukizwa karibuni, chukua sampuli mbili, ya mwanzo na nyingine baada ya siku 10 hadi 14, zipimwe pleti moja, na udai ongezeko la mara 4 au zaidi. Hili ni lilelile tunalohangaika nalo kwenye Widal, kipimo cha typhoid cha mahospitalini, ambapo taita (uzimuaji wa mwisho unaotoa chanya) moja ya 1:160 kwa mtu mzima anayeishi eneo lenye typhoid inampa dawa bila sababu. Widal hupima O, ambayo ni LPS, na H ya mikia. Typhidot, kipimo kingine cha typhoid, ndiyo inayogusa mambo yako moja kwa moja, kwani hutafuta IgM na IgG za protini ya utando wa nje ya Typhi ya kilodaltoni 50, na IgG pale haiwezi kukuambia kama ni ya mwezi huu au ya miaka iliyopita.

Jambo moja la huku kwetu lisisahaulike. Malaria huchochea seli B ovyo na kupandisha kingamwili za kila aina, hata zisizohusiana. Kila mshiriki apimwe malaria kwa kipimo cha haraka (mRDT), na kwenye pleti weka antijeni moja ya kigeni kabisa ambayo hakuna mtu wa Mtwara aliyewahi kukutana nayo. Seramu ikipanda kwa zote mbili, huenda hiyo si kinga ya Salmonella.

Mwisho ni kuua. Kingamwili kushika protini iliyopakwa kwenye plastiki hakumaanishi inamfikia bakteria aliye hai, kwa sababu minyororo mirefu ya LPS hufunika protini fupi. Tena kuna ushahidi wa mwaka 2010, kutoka Malawi vilevile: kwa watu wazima wenye VVU, kingamwili nyingi mno za LPS zilizuia seramu kumuua Salmonella, na zilipoondolewa uuaji ukarudi. Ndiyo maana kuchanganya LPS na protini kwenye namba moja si uchafu mdogo, kunaweza kugeuza maana ya matokeo juu chini.

Basi chagua seramu chache, za juu, za kati na za watoto, ufanye kipimo cha uuaji. Bakteria wawe kwenye ukuaji wa kasi, karibu 1,000,000 kwa mililita, kwenye seramu nzima isiyochemshwa, nyuzi 37, hesabu makoloni dakika 0, 45, 90 na 180. Sambamba nayo weka seramu hiyohiyo iliyochemshwa nyuzi 56 kwa dakika 30. Hapo komplimenti, yaani protini za damu zinazosaidia kingamwili kuua, imekufa na bakteria wanapaswa kuongezeka. Wakipungua hata pale, huenda mchangiaji alikuwa ametumia antibiotiki. Seramu za kazi hii zisizotenganishwa ndani ya saa 2 na kuwekwa nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri hazina komplimenti ya kuaminika, kwa hiyo zilizokaa kwenye friza ya kawaida miezi kadhaa zitumie kwa ELISA tu. Kama kipimo cha uuaji kitafanyika Dar es Salaam, sampuli zisafiri na barafu kavu, zisije zikayeyuka njiani na kugandishwa upya. Usipopata seramu yenye komplimenti ya kuaminika, komplimenti ya nje kutoka kwa seramu ya mtoto mchanga wa sungura inaweza kuongezwa, baada ya kuthibitisha kwamba peke yake haimuui huyo Typhimurium wako.